Msiniite Tena Papa Kutu

Siku mliyoniaga pale labo ya hospitali mliimba. Mlileta samaki wa ndagala wa kukaanga, bukari ya mihogo na soda, na kwenye kartoni mkaandika kwa rangi nyekundu: ASANTE PAPA KUTU. Nilipiga picha na ile kartoni, nikacheka kama mtu mwenye furaha. Mmoja wenu, sitamtaja, akaniuliza jina hilo lilitoka wapi. Nikamjibu kwamba ni hadithi ndefu, nikaomba chumvi.

Niliwadanganya, hadithi si ndefu. Ni fupi, na ndani yake amekufa mwanamke mmoja. Mwingine bado yu hai, lakini mimba yake imefika mwezi wa nane, naye anafuata njia ileile. Ndiyo maana nimekaa kuandika sasa, hata kabla sijazoea kulala mpaka jua litoke. Habari za vyeo nitaziacha. Cheo changu cha mwisho mnakijua: kilikuwa kutunza ufunguo wa friji ya damu. Nitaandika kazi ilivyokuwa, na jinsi neno moja lilivyoingia kazini kwetu likakataa kutoka.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Papa Kisimba. Ninyi hamkumkuta. Alikuwa mtu wa kijiji cha Zongwe, mfupi, mpole, na vidole vyake vilikuwa vya zambarau kwa sababu ya rangi ya kupaka damu kwenye vioo, hata Jumapili kanisani. Umeme haukuwapo. Mikroskopi ilikuwa na kioo chini yake cha kukamatia mwanga, na meza iliwekwa dirishani kuelekea ziwa. Tulisoma malaria kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Wingu likipita, malaria ya mji mzima ilisubiri.

Kwa wiki tatu hakuniruhusu kugusa mikroskopi. Niliosha vipande vya kioo, vilevile vya jana na juzi, kwa sabuni, kisha pombe, kisha kitambaa ambacho hakikuruhusiwa kufanya kazi nyingine yoyote duniani. Nilipolalamika aliniambia: “Kioo kichafu inazaa wadudu wenye mugonjwa hana. Utamupa muntu dawa ya uchafu yako?” Na siku nilipomchoma mtoto kidole mara mbili kwa sababu tone la kwanza nililimwaga, alinitoa nje, akamaliza yeye, kisha akanifuata. “Muntu anakupa damu yake mara moja. Mara ya pili unamuibia.”

Alikuwa na sheria nyingi, na zote zilikuwa nzuri. Ile niliyoishika kuliko zote ni hii: “Kama jibu inakushangaza, uliza chombo kwanza.” Ukipata namba ya ajabu, usikimbilie kwa daktari kupiga kelele. Angalia kama mrija ni safi, kama dawa haijapitwa na wakati, kama macho yako hayajachoka. Chombo kwanza. Niliwafundisha ninyi nyote sheria hiyo, mkaiandika kwenye daftari zenu. Nitairudia.

Wingi wa damu tulipima kwa mrija wa kioo wenye alama. Unatia asidi kidogo, unatia damu, inageuka kahawia, halafu unaongeza maji tone kwa tone huku ukilinganisha rangi na kile kioo cha pembeni. Zikilingana unasoma alama. Kazi hiyo ilitaka subira na dirisha. Siku hizi mna kile kimashine kidogo kinachokula kikaratasi na kutoa namba kabla hujameza mate, na namba yenyewe mnaiamini kama Injili. Sisemi ni kibaya.

Miaka ikaenda, Papa Kisimba akastaafu, akarudi Zongwe kwa mihogo yake na nyavu zake. Mimi nikabaki na dirisha. Wakati huo ndipo alipofika Daktari Clarisse, kijana, kutoka Lubumbashi. Daktari huyu alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuona kitu akanyamaza. Siku moja alileta damu ya mzee aliyemeza dawa fulani ya malaria, naye mkojo wake umekuwa mweusi kama kahawa. Tukaipaka rangi ya buluu niliyokuwa nayo, akaniambia nitazame. Ndani ya zile chembe nyekundu, ukutani kwa kila chembe, kulikuwa na vidoadoa vyeusi.

“Unaona ile, Papa Anselme? Ile njo oksijeni imefanya.”

Nilifikiri anatania. Oksijeni ndiyo tunayoipumua. Akavuta kiti, akasahau wagonjwa wake kwa nusu saa. Akanieleza kwamba kila chembe ya mwili ina majiko madogo ndani yake, na majiko hayo huunguza chakula kwa oksijeni ili tupate nguvu. Moto wowote hutoa cheche. Cheche hizo hurukia kuta za chembe, hurukia hata ile kamba ndogo inayobeba urithi wetu. Mwili una wazima moto wake, wengine tunawala: majani, matunda, mawese. Lakini wazima moto huchoka. Huyu mzee, dawa ilimletea cheche nyingi kwa siku moja, na chembe zake zikakosa kinga. Sisi wengine zinatuangukia pole pole, miaka na miaka, na hiyo ni sehemu ya kuzeeka.

“Kwa Kifaransa tunasema *stress oxydatif*. Kwa Kiswahili tutasema nini?”

Nikatazama nje. Dirisha lile lilionyesha ziwa, na pembeni yake mabehewa ya reli yaliyokuwa yamelala tangu sijui lini, mekundu, yamelika mpaka unapitisha mkono. Nikasema: “Kutu.”

Akapiga makofi. Na mimi, mjinga, nikaona kwamba siku hiyo nimefanya kazi kubwa kuliko zote.

Sasa benchi. Mnalijua benchi lile refu nje ya maternite, ambapo wajawazito hungoja kila Jumatano. Mkunga mkuu wa siku zile, Mama Léonie, alitaka kila idara itoe mafundisho mafupi kwa akina mama kabla ya kupimwa. Watu wa labo tulikuwa tunaonewa huruma. Hakuna aliyetaka kusikia habari za minyoo saa mbili asubuhi. Nikaleta kutu yangu. Niliwaambia: mnaona yale mabehewa kule gare ya treni? Chuma kile kilikuwa na nguvu kuliko mwanamume yeyote. Oksijeni imekila. Na ndani yetu ni vilevile, kutu ya mwili, na ndiyo inatuzeesha. Basi kuleni majani ya sombe, kuleni maembe, msipikie katika nyumba iliyofungwa mkavuta moshi.

Walicheka, walipiga vigelegele, walifundishana. Wiki ya tatu nilikuwa na jina. Sokoni wauza ndagala waliniita Papa Kutu, nami niliitika. Nililipenda jina lile kuliko cheti changu cha shule. Naandika haya na uso unaniwaka.

Hatua kumi kutoka pale niliposimama ilikuwa meza ya Mama Léonie. Mama akishapimwa, alipita kwenye meza ile kupewa vidonge vya fer. Na Mama Léonie alikuwa mtu mzuri, hakupenda kumpa mtu neno la Kifaransa mkononi akaenda nalo kipofu. Alitafsiri. “Hii njo chuma, mama. Chuma ya damu. Kila siku moja.”

Mimi kwenye benchi: chuma hushika kutu, na kutu ndiyo uzee na kifo. Yeye mezani: meza chuma. Kila Jumatano, kwa miaka miwili. Tulisalimiana, tuligawana karanga, na hakuna kati yetu aliyesikia tulichokuwa tunasema wawili kwa pamoja. Akina mama walisikia. Walirudi nyumbani na maneno yote mawili, wakayaweka pamoja kama mtu yeyote mwenye akili angefanya.

Yvette alikuwa binti mdogo wa Papa Kisimba. Aliolewa na mvuvi hapa Kalemie, na hiyo ilikuwa mimba yake ya kwanza. Alikaa mbele kabisa kwenye benchi, alicheka kuliko wote, kwa sababu alinijua tangu akiwa wa kubebwa. Jumatano moja akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

“Papa Kutu, na mwanamuke mwenye mimba? Kutu inamushika mbio kuliko wengine?”

“Ndiyo, mama,” nikasema, “juu anapumulia watu wawili.”

Benchi zima likacheka. Lilikuwa jibu zuri sana. Hata Mama Léonie alicheka mezani kwake.

Mara ya kwanza nilipompima Yvette, rangi ililingana kwenye tisa. Si damu nyingi, lakini wengi wa huku wanaanzia hapo, akapewa fer. Mwezi wa saba wa mimba nikampima tena: saba na nusu. Nikashangaa. Mtu anayekunywa fer hapaswi kushuka hivyo. Na niliposhangaa nilifanya kama nilivyofundishwa na baba yake: niliuliza chombo.

Nilitupa ile asidi, nikachanganya mpya. Niliosha mrija mara tatu. Nilipima damu yangu mwenyewe, ikatoa kumi na tatu, kama siku zote. Nikampima Yvette upya: saba. Nikatafuta malaria, hakuna. Nikatafuta minyoo chooni mwake, hakuna. Siku tatu nilihangaika na vyombo vyangu kama fundi wa saa. Nilichukua hata kadi yake, nikasoma mwandiko wa Mama Léonie: *fer, amepewa*. Amepewa. Kadi haikuwa na sehemu ya kuandika kwamba amekunywa.

Yvette alikuwa amekaa mbele yangu siku zote hizo tatu. Kidole chake nilikuwa nimekishika. Nilimuuliza habari za mume, za ziwa, za baba. Swali lile moja, la maneno mawili, “Unavimeza kweli?”, halikunijia. Mnaweza kuniambia kwamba kila mtu hukosea. Nimejiambia hivyo kwa miaka ishirini na zaidi na bado haijawahi kunisaidia hata siku moja.

Nilichofanya ni kutuma habari Zongwe kwa baba yake, kwamba damu ya binti ni kidogo, aje. Akaja na boti ya kwanza, na mkoba wake wa kazi. Yeye hakuuliza maswali. Alichukua vidonge vingine hospitalini, akamkalisha Yvette chini, akampa kimoja kimoja kwa mkono wake, asubuhi na jioni. Mkono wa mzazi haukataliwi. Yvette akavimeza. Kwa wiki moja tu alivimeza, huku akimlilia dada yake mkubwa, Stefania, kwamba mwili umekuwa mzito, na kwamba chooni anatoa kitu cheusi.

Ninyi mnajua kwamba fer hufanya choo kuwa cheusi. Ni alama tu kwamba dawa imepita. Wale wadada wawili hawakuambiwa na mtu. Waliona kile nilichowafundisha kukiona: kutu ikitoka.

Uchungu ulimshika Ijumaa asubuhi, kabla ya wakati. Saa nne mtoto akatoka, msichana, mdogo, akalia vizuri. Kisha damu ikaja na haikukoma. Mama Léonie alifanya yote anayopaswa kufanya mkunga; niliiona mikono yake. Akaniletea sampuli mwenyewe, akikimbia. Friji ilikuwa na mifuko mitupu. Nilipima mume, hakufaa. Nilipima wavuvi wawili waliokuja naye, mmoja akafaa, nikamlaza, nikamtoboa. Nilikuwa nimeshika mfuko nautikisa, umefika nusu, bado wa moto mkononi mwangu, Mama Léonie akasimama mlangoni. Alikuwa anavua glavu.

Yule mvuvi akauliza kama aendelee kukunja ngumi. Nikamwambia apumzike.

Sijui kama vidonge vingemwokoa. Lazima niseme hivi kwa haki. Damu inayotoka vile huua hata mwenye kumi na mbili. Lakini mwenye kumi na mbili ana muda, na sisi tulikuwa na nusu mfuko; muda ndio tuliouhitaji. Fanyeni hesabu hiyo wenyewe, mimi nimechoka kuifanya.

Siku ya nne ya kilio, Papa Kisimba aliniita nyuma ya nyumba. Alikuwa ameshika kopo la maziwa ya unga. Akafungua kifuniko. Ndani vilikuwamo vidonge vya fer, karibu vyote ambavyo Mama Léonie alimpa Yvette tangu mwanzo, vimepangwa vizuri juu ya kitambaa. Hakuvitupa, dawa ya hospitali haitupwi. Alivitunza tu mahali ambapo havitamdhuru.

“Stefania amenipa hii,” akasema. “Anasema ni weye uliwaambia. Ulisema nini pale ku benchi, Anselme?”

Nikamwambia yote. Mabehewa, oksijeni, kupumulia watu wawili. Sikuficha, kwa sababu kwake sikuweza kuficha hata kioo kimoja kichafu. Alisikiliza mpaka mwisho huku akifunga na kufungua kile kifuniko. Nilingoja anipige. Ningeshukuru.

“Na damu iliposhuka, ulifanya nini?”

“Niliuliza chombo, Papa.”

Akakaa chini, kwenye udongo, mtu wa umri wake. “Basi ni sisi wawili,” akasema. Baadaye akaniambia tusiseme kwa watu. Ukoo wa mume ulikuwa na hasira, ungenifanyia vibaya, na hospitali nayo ingesemwa vibaya, akina mama wangeogopa kuja. Alikuwa na sababu zake zote. Nami nilifurahi. Andikeni hilo pia: nilipoambiwa ninyamaze, moyo wangu ulipata nafuu, nilifurahi kama mtu aliyesamehewa, na hakuna aliyenisamehe.

Mtoto akaitwa Tabu, kama wanavyoitwa watoto waliokuja hivyo. Stefania akamchukua kumlea Zongwe. Papa Kisimba akamfuata mjukuu, na baada ya miaka michache akazikwa kulekule. Vidole vyake vilikuwa vimerudi rangi ya kawaida. Ulimi huponza kichwa, wazee wanasema, lakini wangu uliponza kichwa cha mwingine na mwenyewe nikaendelea kula mshahara.

Kwenye benchi sikusimama tena. Nilisingizia kifua. Lakini neno halikunihitaji. Wauguzi wapya walilifundisha, kwa sababu lilikuwa rahisi na lilichekesha. Mtu akachora behewa jekundu ukutani, juu ya benchi, na chini yake maneno: KUTU YA MWILI NJO UZEE. Kila rangi inapopauka mnalipaka upya. Mwaka jana mlilipaka, nami niliwashikia ngazi.

Daktari Clarisse alipita tena hapa siku moja, ana mvi, anasafiri kwa kazi nyingine. Nilimwambia. Ni mtu wa kwanza niliyemwambia baada ya Papa Kisimba. Alinyamaza, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake. Kisha akasema jambo lililonimaliza.

“Wale wamama hawakukosea yote, Papa Anselme. Chuma ikizidi mu mwili, ikitembea yenyewe bila kufungwa, inaongezaka zile cheche. Ni kweli. Lakini si kwa mwanamuke mwenye damu saba.”

Akaniambia pia kwamba wenyewe waliosoma sana wamepunguza sauti. Watu walijaribu kumeza vidonge vya kuzima cheche ili wasizeeke, na hawakupata walichotumaini. Mwili wenyewe unazihitaji kidogo. Cheche ndogo ni kama kengele, bila hiyo chembe haijui kujilinda. Uzee una milango mingi, na huo ni mmoja tu.

“Kwa hiyo kutu?” nikamuuliza.

“Ilikuwa neno nzuri,” akasema, akashika mkono wangu.

Mimi mwenyewe sasa ninazeeka kwa mlango huo na mingine yote. Jicho la kushoto limeingia ukungu. Mwaka wa mwisho niliona wadudu wa malaria mahali pasipokuwa nao, nanyi kwa heshima mlisoma tena vioo vyangu bila kuniambia. Nilijua. Niliona kioo kimehama upande wa kulia, na mimi huweka kushoto.

Wiki yangu ya mwisho kazini, akaingia msichana na kadi ya maternite. Jina: Tabu. Ametoka Zongwe, ameletwa na mama mkubwa Stefania ili ajifungulie hapa. Ana kicheko kile cha Yvette. Nikamchoma kidole, kile kimashine kikatoa nane. Safari hii sikuuliza chombo.

“Mama, vidonge vya fer unakunywaka?”

“Ndiyo, Babu.” Haraka mno.

“Na chooni, inatokaka rangi gani?”

Akaona haya. “Ya kawaida tu, Babu.”

Basi nikajua. Shikeni swali hilo, ni zuri kuliko mashine yenu. Anayemeza fer atakuambia nyeusi.

Jioni ile nilikwenda mahali wanapokaa. Stefania alinikaribisha kwa heshima zote, akaniletea kiti cha pekee. Nikamwambia, mbele ya Tabu, yote niliyoyaandika hapa. Ilinichukua muda, nililia, sioni aibu. Stefania alinisikiliza kama mtu anavyomsikiliza mgonjwa. Alipojibu, hakuwa na hasira hata kidogo.

“Papa Kutu, Yvette hakukufa juu ya kukataa. Alikufa juu Papa alimulazimisha. Miezi yote alikaa bila ile chuma na alikuwa muzima. Wiki moja tu alikunywa, kutu ikaanza kutoka, miye niliiona na macho yangu, na akakufa. Kule Zongwe hakuna mwanamuke wa jamaa yetu anakunywaka ile. Weye njo ulitufundishaka. Leo umezeeka, unageuza maneno.”

 Kwa miaka yote niliyonyamaza, yeye alikuwa akisimulia, na hadithi yake ilikuwa imesimama imara kuliko ukweli wangu. Ningekuja na kopo lile mwaka uleule, angenisikiliza. Hakuna aliyekuja.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayowaomba. Tabu atajifungua mwezi ujao. Mkimwona, msisome kadi. Muulizeni yeye, na muulizeni Stefania, kwa upole, kila mara. Tafuteni watu wawili wa kundi lake la damu mapema, wapimwe, walale karibu. Futeni behewa ukutani. Kwenye meza ya vidonge msitafsiri fer; semeni dawa ya damu, basi. Na jina lile msiniite tena.

Sina hakika kama inatosha. Jumapili iliyopita Tabu alikuja nyumbani kunisalimu, peke yake, na ndizi. Nadhani alinihurumia. Nikamwomba afanye jambo moja kwa ajili ya mzee. Nikamtolea kidonge na kikombe cha maji. Alinitazama, akakiweka mdomoni, akanywa, akapiga goti kidogo kushukuru kama walivyomfundisha. Nilimsindikiza mpaka barabarani nikiwa mwepesi kuliko nilivyokuwa kwa miaka mingi.

Niliporudi, mke wangu, Mama Odette, alikuwa anakusanya vyombo. Kidonge kilikuwa ndani ya kikombe, chini kabisa, kimetemwa na kuanza kuyeyuka, na maji yaliyobaki yamegeuka mekundu-kahawia. Nikamweleza ni nini. Mama Odette, ambaye amenisikia nikilia habari hii usiku na mchana, alikipeleka kikombe dirishani penye mwanga, akakigeuzageuza.

“Kumbe njo kweli, Papa,” akasema. “Angalia. Inashikaka kutu.”